VYOMBO VINAVYOZEEKA MUZURI: NYUNGU, KINU, KIBUYU NA MUKEKA



Leo ukirudi nyumbani, ingia kwa jikoni na utazame vyombo kimoja kimoja. Jiulize: katika hivi vyote, ni kipi kinachonipita miaka? Beseni ya plastiki haiwezi kuwa, maana ile ya kwanza ilipasuka na hii ilinunuliwa juzi. Lakini pengine utakuta kinu ambacho mama alipewa na mama yake, ao mwiko mweusi ambao hakuna mutu anayekumbuka nani aliuchonga. Katika makala hii tunataka kueleza juu ya nini kitu kimoja kinazeeka muzuri na kingine kinazeeka mubaya, na ni kazi gani inatungojea sisi vijana ili vyombo hivi visiishie mikononi mwetu.

Kwa watu wa Kasulo ulizo hili si la muchezo. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya lupango moja, kisha watu wengi wakaanza kuchimba kila mutu kwake. Mashimo yalipita chini ya nyumba na chini ya njia. Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Lualaba ilihamisha jamaa za sehemu moja ya kartie, na fasi ile ikafungwa ukuta kwa ajili ya uchimbaji. Mutu mwenye kuhama hawezi kubeba nyumba yake. Anabeba vyombo, tena si vyote. Kinu ni kizito, nyungu inaweza kuvunjika njiani, mukeka wa zamani unaonekana kama takataka. Basi vinaachwa, na kule kwa fasi mupya mutu anaenda kununua beseni. Kumbe ameacha kitu cha miaka makumi tatu, amekamata kitu cha mwaka moja.

1. KUZEEKA MUZURI MAANA YAKE NINI?

Vitu vyote vinazeeka. Plastiki nayo inazeeka: mwangaza wa jua unakata nyuzi zake ndogo sana ambazo macho hayazioni, rangi inafifia, halafu siku moja unainua beseni na ukingo unabaki mukononi. Sahani ya enameli ikipigwa chini inabanduka, na pale ilipobanduka kutu inaingia. Hakuna mutu wa kartie anayeweza kuirudishia ile ngozi yake.

Sisi tutasema kitu kinazeeka muzuri kama kina alama hizi tatu:

(a) Kutumiwa kunakiongezea nguvu ao uzuri, hakukipunguzii tu.
(b) Kikiharibika, mutu wa hapa anaweza kukitengeneza kwa mikono yake na vitu vya hapa.
(c) Kikifa kabisa, kinarudi kwa udongo ao kinasaidia kuzaa kingine.

Lakini tusidanganyane. Kitu cha muti ao cha majani kikiachwa bila kutunzwa kinaoza mbio kuliko plastiki. Mukeka ukilala mu maji wiki mbili, umekwisha. Kwa hiyo uzee muzuri unatoka kwa vitu viwili pamoja: mali yenyewe, na mukono unaoijua. Tutazame sasa chombo kwa chombo.

2. NYUNGU NA MUTUNGI

Udongo wa kufinyanga unachimbwa mu dembo, fasi ya maji maji. Mama mufinyanzi anatoa mawe na mizizi, anakanda, kisha anachanganya na vipande vya nyungu ya zamani vilivyotwangwa. Wengi wanafikiri anafanya vile ili asitupe. Hapana, kuna sababu ya fizike. Udongo mutupu unapokauka unajikunja, na moto unapoupiga unapasuka. Punje za nyungu ya zamani zimekwisha kupita kwa moto, hazijikunji tena. Zinashikilia udongo mupya, na ufa mudogo ukianza kutembea unagongana na punje na kusimama pale. Ndiyo kusema nyungu iliyokufa inafanya kazi ndani ya tumbo la nyungu mupya. Hii ni alama yetu ya tatu.

Mama anajenga nyungu kwa kuzungusha kamba za udongo moja juu ya nyingine, bila gurudumu. Analainisha kwa kipande cha kibuyu ao jiwe la mutoni, anaikausha kivulini pole pole siku nyingi, halafu anaichoma inje kwa kuni, maganda ya miti na majani. Moto ukifika kadiri ya digrii 500 mpaka 600, maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe yanatoka. Toka saa ile udongo hauwezi tena kuwa matope, hata ukilala mutoni.

Unataka ushuhuda? Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika jimbo la leo la Haut-Lomami, makaburi ya zamani sana yalichimbwa mwaka 1957 na mwaka 1958 na Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, na Pierre de Maret akaendelea na kazi hiyo katika miaka ya 1970. (Sanga hiyo ni jina la kijiji, musichanganye na Basanga wa huku kwetu.) Walikuta nyungu nyingi nzuri, pamoja na vitu vya mukuba. Nyingi za nyungu hizo zina miaka karibu elfu moja. Nguo na mikeka imeoza, nyungu zingine unaweza kuzishika leo kwa mikono miwili na kuona alama za kidole cha mama aliyezifinyanga.

Sasa, nyungu ya kupikia na mutungi wa maji si ndugu moja. Nyungu ya kupikia inataka vitundu vyake vidogo vifungwe. Kwa hiyo ikiwa mupya unailoweka, kisha unapika ndani yake uji mwepesi: ule uji unaingia ndani ya vitundu na kuviziba. Kila mara unapopika maharagi inazibika zaidi. Ndiyo maana nyungu ya zamani haivuji na inapika muzuri kuliko ya leo asubuhi. Tena inashika joto. Unaweza kuitosha juu ya mbabula mapema, na maharagi yanaendelea kutokota peke yake, makala ikabaki.

Mutungi wa maji ni kinyume. Unataka vitundu vyake viwe wazi. Maji kidogo yanapita mpaka kwa ngozi ya inje, hewa inayachukua kama mvuke, na kila mvuke unapotoka unakamata joto. Tufanye hesabu kama mu klase: mutungi wa litri 10 ukitoa mvuke wa maji nusu glasi tu, joto linalotoka linatosha kushusha maji yote yale kwa digrii 5 hivi, kama joto la inje halirudi ndani. Kama mutungi wako umeacha kubaridisha, vitundu vimezibika. Usugue kwa muchanga na burashi, uuanike. Usiupake mafuta hata siku moja. Na mukumbuke: mutungi unabaridisha maji, hausafishi maji. Maji mabaya yakiingia yanabaki mabaya, yakiwa baridi.

Bamama banasemaka hivi: "Weye mutoto, ukiosha nyungu na sabuni mingi, utakula sabuni mu chakula." Ni kweli kabisa, maana udongo unakunywa sabuni na kuitapika kesho. Maji ya moto na muchanga mulaini vinatosha. Na usimwage maji baridi ndani ya nyungu yenye moto: ngozi ya ndani inajikunja mbio kuliko ya inje, na ufa unaanza.

3. KINU, MWIKO NA KITI

Unga wetu siku hizi tunapeleka kwa mashini ya kusaga. Lakini sombe, karanga na pilipili bado zinataka kinu. Katika pori yetu ya miombo miti miwili inajulikana sana na wachongaji: mulombwa na mubanga. Mubanga ni mugumu, unafaa kwa mutwangio, ambao wengine wanaita mwinshi. Mulombwa ukikatwa unatoa maji mekundu kama damu. Sifa yake kubwa ni kwamba ukikauka haujikunji sana. Kwa hiyo kiti cha mulombwa hakipasuki ovyo na mulango wa mulombwa haukwami.

Kwa nini muti unapasuka? Muti mubichi umejaa maji. Maji yanatoka mbio kwa ncha zilizokatwa na pole pole kwa ubavu. Upande moja unajikunja kabla ya mwenzake, basi wanavutana mpaka unafunguka. Mufundi mwenye akili anachonga kinu muti ukiwa ungali mubichi, maana ni mulaini, kisha anakifunika na kukiacha kivulini muda murefu kikauke bila haraka. Tena anachagua moyo wa muti, ile sehemu ya ndani yenye rangi nzito. Sehemu nyeupe ya inje ni tamu kwa wadudu. Ukinunua kinu kwa soko, tazama: kama kina weupe mwingi kwa ukingo, mududu ataanza pale.

Kinu kinazeeka muzuri kwa sababu mafuta ya karanga yanaingia ndani ya nyuzi za muti na kuzuia maji. Mwiko wa bukari ni vile vile: unakuwa mweusi, mulaini, unaisha upande moja kufuata mukono wa mwenyewe. Mutu wa mukono wa kushoto akishika mwiko wa mama anasikia mara moja kwamba si wake. Viti vya Waluba vilivyochongwa katika karne ya 19 kule Buli viko leo mu nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, na weusi wao wenye kung'aa unatoka kwa mafuta na mikono ya watu. Hakuna rangi ya duka inayofanya vile.

Hapa kuna jambo la kuhuzunisha. Pori inakwisha kwa sababu ya makala, na ndugu mwekundu wa mulombwa, ndiye mukula, alikatwa kwa wingi sana na kuuzwa inchi za mbali, hata mwaka 2019 akaandikwa katika liste ya CITES ya miti ambayo biashara yake kati ya inchi inapaswa kuangaliwa. Miti hii inahitaji miaka makumi ili ikomae. Kinu chako kilichoachwa kwa lupango ya zamani hakina mwenzake tayari kule pori.

4. KIBUYU, KITUNGA NA MUKEKA

Kibuyu ni tunda. Kinaachwa kukomaa na kukauka, kinatobolewa, kisha mutu anatia changarawe na maji ndani na kukitikisa mpaka nyama yote na mbegu zitoke. Ganda linalobaki ni jepesi na gumu. Mikono na mafuta vinaligeuza toka njano mpaka rangi ya kahawa. Likipasuka linashonwa: mutu anatoboa vitundu pande mbili za ufa na kupitisha uzi. Kibuyu kilichoshonwa hakibebi tena maji muzuri, lakini kinabeba mbegu na chumvi miaka mingi.

Kitunga na ungo vinasukwa kwa matete ao vipande vya mianzi, mukeka kwa mafunjo ao majani mengine. Nguvu yao ni kwamba hakuna uzi moja unaobeba muzigo peke yake. Moja ukikatika wenzake wanashikilia, na mutu anaweza kuutosha na kuingiza mupya. Jaribu kufanya vile na beseni!

Maadui wao ni wawili: unyevu na wadudu. Zamani vitunga vilitundikwa juu ya moshi wa jiko, na moshi ulifukuza wadudu na kukausha. Leo tunapika inje kwa mbabula, moshi huo hauko tena. Basi vitundike kwa ukuta penye hewa, visiguse sima. Kitunga kinachokaa chini kinaoza toka makalio.

5. JIWE LA KIJANI NA MUKUBA

Mutu wa Kolwezi hawezi kuandika juu ya vyombo bila kutaja malakite. Mafundi wetu wanaichonga mayai, visahani na shanga. Ni jiwe la asili, ni zuri, lakini musifikiri kwamba jiwe lote ni gumu. Kwa kipimo cha ugumu kinachokwenda mpaka 10, malakite iko kati ya 3,5 na 4, hata musumari wa chuma unaikwaruza. Ndimu na siki zinaila na kutoa povu, moto unaigeuza kuwa nyeusi. Kisahani cha malakite ni cha kutazama, si cha kuwekea chakula. Na anayeichonga aichonge ikiwa na maji, maana vumbi yake ni vumbi ya mukuba, si ya kuvuta kwa pua.

Mukuba wenyewe unazeeka muzuri: toka wekundu unaenda kwa kahawa na weusi, na ngozi ile nyeusi inaukinga. Wahenga wetu waliuyeyusha na kuumwaga kuwa misalaba, na misalaba ile imekutwa pia katika makaburi ya Sanga. Lakini chakula kikali kama nyanya ao ndimu kisikae mu chombo cha mukuba, maana kinaukokota na kuingia nao tumboni.

6. VUMBI YA KASULO

Hapa ndipo makala yetu inakutana na afya. Mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walitangaza uchunguzi waliofanya hapa Kolwezi. Walipima mukojo na damu ya watu wa Kasulo, na ya watu wa fasi nyingine ya karibu. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi sana, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto.

Vyombo vya asili vina vitundu na mapengo, vumbi inapenda kujificha mule. Kwa hiyo mwenye kuvitunza afuate haya:

– Mutungi na nyungu vifunikwe saa zote. Maji yachotwe kwa kikombe chenye mukono murefu.
– Kinu kisipotumiwa kigeuzwe, kinywa chini. Kabla ya kutwanga kipanguswe kwa kitambaa chenye maji.
– Mukeka ukung'utwe inje, mbali na jiko na mbali na mutoto, kisha upanguswe.
– Nyumba inyunyizwe maji kabla ya kufagia.
– Kinu ao mutwangio uliotwangia mawe ya kobalti usirudi kamwe kwa sombe. Na mufuko uliobeba mawe usitiwe unga, hata ukiufua mara kumi.
– Udongo wa kufinyanga usichimbwe karibu na mashimo ya madini wala kando ya mito inayopokea maji ya kiwanda. Moto unatosha maji na majani ndani ya udongo, hautoshi kobalti wala risasi.

7. KALENDA NDOGO YA KUTUNZA

Kolwezi iko juu, mita 1400 hivi, na hewa yetu inabadilika sana. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa hewa ni kavu: ni wakati muti unapasuka. Paka kinu, mwiko na kiti mafuta kidogo sana ya karanga, futa yanayobaki, na usiviache juani. Mvula ikianza, adui ni ukungu: anika vitunga na mikeka kila jua linapotokea, na usiweke ungo wenye unyevu ndani ya mwingine.

Musomaji atasema: "Mambo hii yote bamama banaijua tayari." Ndiyo, wanaijua, lakini wengi wao ni kambo zetu, na kwa kuhama hama jamaa zimetawanyika. Mufinyanzi alikuwa jirani, leo yuko kartie ingine ao amerudi kijiji. Mali ya chombo inaweza kudumu miaka elfu kama kule Sanga, lakini akili ya kukifanya inakaa mu kichwa cha mutu, na inaondoka naye.

Kwa hiyo tunawapa kazi ya wiki hii. Chagueni chombo kimoja cha nyumba kilichofanywa kwa mikono, kisha mwende kuuliza mama, tata ao kambo maulizo matano haya:

1. Kilifanywa na nani, na wapi?
2. Kilifanywa na muti gani, udongo wa wapi, majani gani? Tajeni jina katika luga ya kwenu.
3. Kimetengenezwa mara ngapi, na namna gani?
4. Ni kitu gani kinachokiharibu?
5. Ni nani leo anayejua bado kufanya kingine?

Andikeni majibu kwa karatasi na kuyaleta kwa wenye kutengeneza bulletin. Jibu la ulizo la tano ndilo tunalolihitaji zaidi. Tukipata majina ya mafundi watatu ao wane walio karibu, tutaomba wakubwa wa shule wawaite siku moja ya kazi za mikono, na kila klase itajifunza kitu kimoja: kushona kibuyu, kuingiza uzi mupya kwa ungo, ao kukanda udongo pamoja na vipande vya nyungu iliyovunjika. Mwenye nyungu iliyovunjika nyumbani asiitupe. Ailete.